Sura Isiyo na Jina

Katika miamba ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pana pango lililochorwa ngao. Rangi zake ni nyekundu, nyeupe na nyeusi, nazo zilipakwa na morani wa Kimaasai waliokuwa wakijitenga huko ili wachinje, wale nyama, wanywe supu ya mizizi na kupata nguvu, kama ilivyo desturi yao ya orpul. Wenye michoro hiyo hawaishi tena mahali hapo. Mwaka 1959 Serengeti ya wakati wa ukoloni iligawanywa sehemu mbili, na wafugaji waliokuwa katika nyanda za magharibi wakahamia upande wa Ngorongoro na Loliondo pamoja na mifugo yao. Ngao zikabaki ukutani.

Mtu asiyejua mambo ya Wamaasai ataona pale mapambo tu. Lakini ngao ya Kimaasai haikupambwa ovyo. Alama zilizotiwa juu ya ngozi yake, ambazo wenyewe huziita sirata, zilimweleza mtazamaji kwamba mwenye ngao hii ni wa koo fulani na wa rika fulani. Na zilikuwapo alama ambazo hakuruhusiwa kuzitia ila yule aliyekwisha kuonyesha ushujaa mbele ya wenzake. Mzee aliyezijua angeweza kuzisoma kama sisi tusomavyo maandishi. Kwa hiyo ndani ya pango lile hakuna sura ya mtu hata moja, na hata hivyo watu wenyewe wamo.

Nimeanza na pango hili kwa sababu karibu kila picha nyingine ya Mmaasai iliyopata kuenea duniani iko kinyume chake. Sura imo, tena kwa uzuri wa ajabu, lakini mtu mwenyewe hayumo. Yamkini hakuna watu katika Afrika ya Mashariki waliochorwa na kupigwa picha na wasanii wa Ulaya na Marekani kuwashinda Wamaasai. Sura zao zimo katika vitabu vikubwa vya picha, katika makumbusho, katika kadi za posta, katika matangazo ya magari na ya nguo. Katika wingi huo wote ni nadra mno kukuta chini ya picha jina la mtu. Hukuta neno moja, ‘Maasai’, na pengine jingine, ‘shujaa’ au ‘mama’. Basi swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akichukua sura ya mwenzake, kwa kalamu, kwa brashi au kwa kamera, anabaki na deni gani kwa yule aliyemchukua?

Wapo watakaosema hana deni lolote. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba jicho la mtu halina mpaka, na kama ingekuwa lazima kuomba ruhusa kwa kila kitu kionekanacho, basi pasingechorwa hata mlima. Wanasema tena kwamba uzuri ukishawekwa katika picha huwa mali ya binadamu wote, na aliyechorwa amepewa heshima isiyolipika. Na kwa kweli msanii si karani wa sensa. Hatuwezi kumdai orodha ya majina kila anapoinua brashi. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliikubali hoja hii kwa moyo mkunjufu. Iliyoanza kunitia mashaka ni habari ya picha moja ya Kimarekani, na ingawa haihusu nchi yetu, nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwani inafundisha kuliko nadharia nyingi.

Mwezi Machi mwaka 1936, mpiga picha Dorothea Lange alikuwa akirejea nyumbani kutoka katika safari ya kazi huko California. Alikuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani ili aonyeshe taabu za wakulima waliopoteza mashamba yao katika miaka ile ya njaa. Karibu na mahali paitwapo Nipomo alikuta kambi ya wachumaji wa njegere ambao mazao yao yalikuwa yameharibiwa na baridi. Ndani ya hema moja alikuwamo mama na watoto wake. Lange alipiga picha chache, akaondoka baada ya dakika chache, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba hakumwuliza mama yule jina lake wala habari za maisha yake. Picha ya mwisho kati ya hizo, mama ameweka mkono shavuni huku watoto wawili wamemgeuzia mgongo mtazamaji, ikawa mojawapo ya picha mashuhuri kuliko zote za karne ya ishirini. Ilipochapishwa gazetini, chakula cha msaada kilipelekwa kambini upesi. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama.

Kwa muda wa miaka zaidi ya arubaini ulimwengu ulimtazama mama huyu bila kujua ni nani. Mwaka 1978 ndipo jina lake lilipojulikana: Florence Owens Thompson. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Wamarekani walikuwa wamezoea kuiona picha ile kama mfano wa mkulima Mzungu aliyeonewa na ukame. Kumbe mama Florence alikuwa wa taifa la Cherokee, wale wenyeji wa asili wa nchi hiyo ambao mababu zao walinyang’anywa ardhi na kuhamishwa kwa nguvu. Picha ilikuwa imesema kweli juu ya njaa, na wakati huo huo ikaficha historia nzima, si kwa hila ya mpiga picha, bali kwa kuwa hakuuliza swali moja. Mama Florence alisema kwa uchungu kwamba hakupata kitu, na kwamba alitamani asingepigwa picha ile. Lange naye hakutajirika kwayo, kwani ilikuwa mali ya serikali. Lakini mwaka 1998, wote wawili walipokuwa wamekwisha kufariki, nakala moja yenye maandishi ya mkono wa Lange iliuzwa New York kwa dola 244,500.

Haki haina budi itendeke kwa pande zote. Mama Florence alipougua mwaka 1983, watu wengi wasiomjua walichanga maelfu ya dola kwa sababu ya picha ile ile, na watoto wake, baada ya kuzisoma barua zilizofuatana na michango hiyo, walianza kuiona kwa jicho jingine. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba picha ilikuwa uovu. Ninachoweza kusema ni kwamba mahali jina linapokosekana, mtazamaji hujaza jina lake mwenyewe, na lile analojaza aghalabu huwa ni lile linalompendeza yeye.

Sasa turudi kwetu. Joy Adamson, ambaye wengi wanamfahamu kwa habari za simba Elsa, alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi. Alizaliwa mwaka 1910 katika nchi ya Austria ya wakati ule, akafika Kenya, akaanza kwa kuchora maua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa hofu kwamba mavazi hayo yangetoweka. Alichora mamia ya picha, nyingi zikawekwa katika Makumbusho ya Nairobi, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu wa Kenya. Mtu akizitazama picha hizo hawezi kuukana ustadi wake. Ushanga umehesabiwa mmoja mmoja, na mikunjo ya ngozi ya mzee imeonyeshwa kwa upendo. Lakini tuangalie alichotumwa. Alitumwa kuchora vazi, na mtu akawa kigingi cha kulitundikia vazi. Jicho lililozoea kupambanua maua kwa jamii zake liliendelea na kazi ile ile mbele ya watu. Wala silisemi hili kwa kumdhihaki marehemu, kwani alivumilia safari na jua kuliko wengi wetu; nalisema kwa sababu mtindo huo ulirithiwa.

Mwaka 1971 Mirella Ricciardi, mzaliwa wa Kenya, binti wa baba Mtaliano na mama Mfaransa ambaye naye alikuwa mchongaji aliyesoma kwa Rodin, alitoa kitabu cha picha ambacho jina lake kwa Kiswahili ni ‘Afrika Inayotoweka’. Wamaasai wamo. Miaka miwili baadaye Leni Riefenstahl wa Ujerumani, yule yule aliyetengeneza filamu za kuutukuza utawala wa Hitler, alitoa picha zake za Wanuba wa Sudani, na toleo la Kiingereza likaitwa kwa jina lenye maana ya ‘Wanuba wa Mwisho’. Mwaka 2013 Mwingereza Jimmy Nelson akatoa kitabu kingine kikubwa, na jina lake ni ‘Kabla Hawajatoweka’. Humo pia wamo Wamaasai, tena wa Tanzania.

Ndugu msomaji, yatazame majina hayo matatu pamoja na miaka yake. Kati ya kitabu cha Ricciardi na kile cha Nelson imepita miaka 42, na watu wale wale wangali wanatoweka! Huu ni utowekaji wa namna gani usiokwisha? Katika muongo ule ule ambao kitabu cha kwanza kilikuwa kinauzwa Ulaya, Mmaasai wa Monduli, Edward Moringe Sokoine, ambaye alikuwa Mbunge tangu mwaka 1965, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu, mwaka 1977. Hakutoweka, alikuwa ofisini Dar es Salaam, anafanya kazi ya Serikali. Hata ushanga ule ambao vitabu huusifu kama mabaki ya zama za kale, sehemu kubwa yake ni vioo vilivyotengenezwa Ulaya, hasa katika nchi ya Wacheki, vikaletwa na wafanyabiashara. Na akina mama wa Kimaasai wakavichukua, wakavipa maana zao wenyewe za rangi, wakavifanya kuwa vyao. Utamaduni ulio hai ndivyo ufanyavyo. Anayesema kwamba Mmaasai mwenye saa ya mkononi amekwisha kupotea anamdai mwenzake asimame tuli ili picha isiharibike.

Habari ya Riefenstahl ina uzito wa pekee. Mwaka 1975 mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag alionyesha kwamba mapenzi ya mama huyo kwa miili imara ya Wanuba hayakuwa mbali na mapenzi yake ya zamani kwa majeshi yaliyopangwa mistari: katika yote mawili, mwili ulitukuzwa na mtu akasahauliwa. Wengine hawakukubaliana naye, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini walimu wanaofundisha sanaa wangefanya vyema kuliweka jambo hili mbele ya wanafunzi, kwa kuwa sisi hudhani kwamba anayetusifu anatupenda.

Wala tusiwageuzie wageni kisogo tukajiona safi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa mkoani Arusha, iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni, kwa kuwa mavazi yao yalionekana kuwa ni aibu mbele ya taifa linalojenga maendeleo. Mtalii alitaka wabaki walivyo kwa ajili ya kamera yake. Kiongozi alitaka wabadilike ili kamera isimwaibishe. Hao wawili walibishana sana, na wote wawili walikuwa wanaitazama picha ile ile. Aliyevaa shuka hakuulizwa na yeyote. Mwalimu Nyerere alipokuwa akiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Na roho, kwa kadiri ninavyoelewa, haiwezi kuvuliwa wala kuvalishwa kwa amri ya mkoa.

Kuna picha za namna nyingine ambazo zinaigusa Loliondo kwa karibu zaidi, nazo ni zile ambazo hazina watu kabisa. Msafiri anayekwenda Loliondo kwa njia ya Mto wa Mbu hupita Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, kabla ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Sale na Wasso. Mwaka 2013 mpiga picha Mwingereza Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokufa ziwani humo, miili yao ikahifadhiwa na magadi hata ikawa mikavu na migumu. Brandt aliwaokota ufukoni, akawaweka juu ya matawi na mawe kana kwamba wangali hai. Ni picha za kutisha na za kupendeza kwa pamoja. Yeye mwenyewe alieleza wazi alivyofanya. Hata hivyo habari iliyoenea katika magazeti ya dunia ni kwamba liko ziwa Afrika ambalo kiumbe akiligusa tu hugeuka jiwe.

Kumbe ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo katika Afrika ya Mashariki nzima! Ndege hao kwa malaki hutaga na kulea makinda mahali ambapo ulimwengu uliambiwa ni makaburi yao. Na kandokando yake, Engare Sero na Pinyinyi, wanaishi watu wanaochunga, wanaolima kwa mifereji, wanaopeleka watoto shule. Ningependa kujua mtoto wa Pinyinyi angejisikiaje akisoma kwamba ameishi miaka kumi na mitano kando ya ziwa linalogeuza viumbe kuwa mawe. Msanii hakusema uongo. Alichofanya ni kuacha nafasi tupu, na dunia ikaijaza.

Nafasi tupu ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege waliyoipaka milia ya punda milia, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Januari 1959 Michael alifariki ndege yake ilipogongana na tumbusi. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa yakawekwa hapo hapo. Filamu yao, ‘Serengeti Haitakufa’, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hakuna Mtanzania mwenye akili asiyeshukuru kwamba nyumbu wangali wanavuka nyanda zile, na juhudi za watu hawa wawili zimo katika shukrani hiyo. Lakini Grzimek aliamini kwamba mbuga ya taifa haina budi kuwa pori lisilokaliwa na binadamu yeyote, hata mwenyeji, na filamu yake iliwafundisha mamilioni ya watu wa Ulaya kuiona nchi hii hivyo. Tangu hapo mgeni anapokuja na kukuta ng’ombe katika nyanda hizo, huona kama picha imechafuliwa. Mabishano ya ardhi ya Loliondo yana sababu nyingi, za maji, za malisho, za uwindaji, za ongezeko la watu na la mifugo, na hata baada ya Serikali kutenga kilomita za mraba 1,500 za huko kwa uhifadhi mwaka 2022, hayakuisha kwa siku moja. Sitayaamua hapa. Nasema tu kwamba katika mabishano hayo picha ya nchi tupu imekuwa shahidi anayesikilizwa sana, na shahidi huyo hajawahi kuulizwa maswali.

Na wako wengine ambao picha imewapita kwa njia nyingine. Kati ya Engare Sero na Wasso wanaishi Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo. Ni wakulima wa mifereji, na utaratibu wao wa kugawana maji chini ya wazee umewastaajabisha wataalamu. Hao si rahisi kuwakuta katika vitabu vya picha vya Ulaya na Marekani. Jembe na mfereji wa matope havina mvuto wa mkuki. Kamera za dunia zilifika kwao mwaka 2011 tu, wakati maelfu ya magari yalipopanga foleni kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu. Foleni ilipokwisha kamera nazo zikaondoka.

Je, kuna aliyejaribu kulipa deni? Yuko mmoja anayestahili kutajwa, ingawa si bila kasoro. Mwaka 1980 kilitoka New York kitabu kiitwacho ‘Maasai’. Picha ni za Mmarekani Carol Beckwith. Maandishi ni ya Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Tanzania, ambaye aliwahi kufanya kazi katika hifadhi ya Serengeti, akaonekana katika filamu ya Kimarekani, kisha akaenda kusoma huko huko Marekani. Majina yote mawili yako juu ya jalada. Mwenye sura alipewa kalamu. Anasimulia tohara, rika, ng’ombe na dua kama mtu wa ndani, na mwaka 1986 akaandika kitabu cha maisha yake mwenyewe, kwa hiyo aliyekuwa anatazamwa akawa ndiye anayetazama. Kasoro yake? Picha zenyewe bado zinapenda mno ujana na mapambo. Mzee anayekohoa na mama anayebeba maji kwa saa tatu hawapati nafasi ya kutosha. Tena ni kitabu cha gharama, kwa lugha ya Kiingereza, na boma ambazo zimo ndani yake si boma ambamo kinasomwa. Hata hivyo tofauti kati yake na vile vya ‘kutoweka’ ni kubwa: humo mtu anaweza kujibu.

Wengine watasema deni hulipwa kwa fedha, na siku hizi hulipwa. Kwenye barabara ya kutoka kreta kwenda Serengeti yapo maboma ya utamaduni ambako mtalii hulipa kiingilio, akaimbiwa, akapiga picha atakavyo. Sioni dhambi katika jambo hilo; mtu anayeuza maziwa aweza pia kuuza wimbo, na ada ya shule hailipwi kwa heshima. Lakini kwenye barabara hiyo hiyo utawaona pia vijana waliovaa kaniki nyeusi na kujipaka chokaa usoni, wamesimama vumbini wakingoja magari. Hayo ni mavazi ya kijana aliyetoka tohara, ambaye katika siku hizo yuko kati ya utoto na umorani. Wapo walio katika hali hiyo kweli, na wapo waliojipaka kwa ajili ya watalii. Mgeni hawezi kuwatofautisha, wala hajali, kwani amelipa. Wazee wanaweza, na huumia. Nimejaribu kuwalaumu vijana hao nikashindwa. Wamejifunza kwamba uso wao una bei wakati jina lao halina, nao wakauza kinachonunulika.

Tusisahau kwamba na sisi wenyewe ni wanunuzi na wachuuzi wa bidhaa hiyo. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama na watu kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Hilo ni jambo la kujivunia, kwa kuwa Picasso alipozitazama sanaa za Kiafrika katika makumbusho ya Paris mwaka 1907, hakukuwa na jina la mchongaji hata mmoja aliyeweza kulitaja. Lakini nenda leo kwenye maduka ya picha Dar es Salaam na Unguja. Utakuta Wamaasai wembamba kama mianzi, wekundu, watatu watatu, migongo imegeuzwa, hawana macho wala midomo. Wanaozichora wengi hawajafika Loliondo. Hizi ndizo picha tunazowapa wageni rasmi kama zawadi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Loliondo ambaye bibi yake alipigwa picha na mgeni miaka ya 1970 anaweza leo, kwa simu ya mkononi, kuikuta sura ya bibi huyo inauzwa. Ataitambua hereni, ataitambua kovu ya mkononi. Chini ya picha atasoma jina la mpiga picha, mwaka, na neno ‘Maasai’. Anajua kwamba bibi alikuwa mkunga, kwamba alizaa watoto tisa akazika wawili, kwamba alihama na wazazi wake kutoka Serengeti akiwa msichana, akiswaga ndama. Nani atayapokea maelezo hayo? Hakuna mahali pa kuyaandika. Mwalimu wake anaweza kumpa karatasi.

Huko Moru waongozaji huwapandisha wageni hadi pangoni. Huwaambia kwamba ngao ni za morani. Wageni husogea karibu, wakitahadhari wasiziguse, hupiga picha, kisha hushuka kwenda kutafuta faru. Wazee wanaoweza kusema ngao ile ya kushoto ni ya rika gani wangalipo wachache, ng’ambo ya mpaka wa hifadhi, kwa mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu.